Andika "Wameachana"

Agosti iliyopita niliitwa nyumbani Matayos kuandika. "Njoo na kalamu," baba aliniambia kwa simu, na kwa kuwa kwetu mtu aliyesomea fasihi huhesabiwa kuwa karani wa bure, sikuuliza mengi. Nilidhani ni kamati ya matanga, au yale mambo ya mpaka wa shamba yasiyoisha. Kumbe ni dada yangu mkubwa na mumewe. Walikuwa wameamua kila mtu ashike njia yake, na familia mbili zikakubaliana kukaa chini kabla ya yeyote kukimbilia korti ya Busia.

Tulikaa chini ya mwembe siku mbili. Upande wetu kulikuwa na baba, baba mdogo na shangazi. Upande wa mulamwa walikuja wajomba wawili, Wasamia wa ng'ambo, maana yake Wasamia wa upande wa Uganda, ambao kwao mpaka ni kitu cha juzi tu. Liguru wa kijiji alikuja kama shahidi na akaletewa kiti kizuri kuliko vyote. Mimi nilipewa kigoda na daftari la shule lililonunuliwa stejini asubuhi hiyo.

Kazi yangu ni kuhakiki vitabu, na maandishi ninayotaka kuyahakiki leo ni kurasa nne za daftari hilo. Hayana mchapishaji wala jalada, na mwandishi wake ni mimi kwa mkono tu, kwa sababu maneno yalitoka kwa watu wanane waliokuwa wakikatizana. Lakini nimeyasoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote mwaka huu. Dada na mulamwa wameniruhusu niyaandikie, mradi nisitaje jina la mtu. Sawa. Sitataja.

Tuanze na vitabu kwanza, kwa sababu kila mtu aliyekuja chini ya ule mwembe alikuja na kitabu kichwani, hata wale ambao hawajawahi kusoma kimoja.

Fikiria talaka ulizokutana nazo darasani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, Bwana Maksuudi anamwacha Tamima kwa ubabe uleule anaoendeshea kila kitu nyumbani na nje. Nyumba inasambaratika, na Maimuna, binti yao, anapotelea katika dunia ambayo hakuna aliyemwandaa kwayo. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ile ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani mpaka tukasahau kuipenda, Lunga anapoteza kazi kisha anapoteza makao, na mkewe Naomi anaondoka. Hakuna kikao wala mtu anayeuliza watoto watalala wapi. Lunga anakufa, na Umu, Dick na Mwaliko wanatawanyika kama punje zilizomwagika, wawili kati yao wakiibwa na Sauna, mtumishi wa nyumba. Riwaya yote inayofuata ni kazi ya kuwaokota.

Hivyo ndivyo tunavyoijua talaka vitabuni: kuna anayefukuza na kuna anayetoroka, halafu watoto wanalipa.

Hata ugomvi mkubwa kabisa wa mume na mke katika fasihi ya Afrika Mashariki si mazungumzo. Okot p'Bitek alitoa Song of Lawino mwaka 1966 na Song of Ocol baadaye. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba vitabu hivyo viwili vinajibizana. Mimi siamini tena. Lawino anazungumza na ukoo wake, anawalilia ndugu. Ocol naye anaanza kwa kumnyamazisha mkewe na kumfukuza, kisha anaendelea kuhutubia Afrika nzima. Ni hotuba mbili, katika vitabu viwili, kila moja na wasikilizaji wake. Ningependa sana kusoma kitabu cha tatu, ambamo wazee wanawaweka hawa wawili kwenye viti na kuwauliza: basi, shamba mtalifanyaje? Watoto mtawalea vipi? Hakuna aliyekiandika.

Aliyekaribia zaidi, kwa maoni yangu, ni Marjorie Oludhe Macgoye katika Coming to Birth ya 1986. Paulina na Martin hawaendi kortini, na pia hawakai na wazee. Wanaachana polepole, kama kamba inayolegea: mmoja yuko Nairobi, mwingine Kisumu, miaka inapita, Martin ana wanawake wengine, Paulina ana kazi yake, anapata mtoto na anampoteza. Mwisho wake Martin anarudi, na Paulina anayempokea si yule msichana aliyeshuka kutoka garimoshi mwaka 1956. Kitabu hicho kina upole ambao sijauona kwingine. Lakini upole wake unatokana na kutosema. Mambo yanajipanga yenyewe kwa sababu muda umepita. Dada yangu hakuwa na miaka ishirini ya kungoja mambo yajipange.

Nje ya kwetu hali si tofauti sana. Katika filamu Marriage Story ya Noah Baumbach, ya 2019, wanandoa wanaanza kwa kukubaliana kwamba hawatatumia mawakili. Ahadi hiyo haifiki mbali, na tunachokumbuka wengi wetu ni zile kelele za ukutani. Katika A Separation ya Asghar Farhadi, filamu ya Iran ya 2011, tunamalizia katika korido ya mahakama. Binti anaulizwa na hakimu atakaa na nani, wazazi wanatolewa nje, na sisi hatusikii jibu lake. Ni mwisho mzuri sana wa filamu. Kwa mtoto wa kweli ni swali baya sana, na nitarudi hapo.

Utaniambia riwaya si kitabu cha mwongozo, kwamba hadithi inataka moto na kikao cha watu wanaokubaliana hakina moto. Nimelisikia hilo, na nimewahi kulisema mwenyewe mbele ya wanafunzi. Lakini nikiwa pale chini ya mwembe niliona hadithi zikifanya kazi. Jambo la kwanza baba mdogo alilouliza, kabla hata chai haijamiminwa, lilikuwa: "Nani mwenye makosa?" Alikuwa akimtafuta Maksuudi wake. Mjomba mmoja wa mulamwa naye akauliza kama dada ana mtu mwingine. Huyo alikuwa akimtafuta mwanamke wa kumfukuza. Walipokosa vyote viwili walionekana kama watu waliolipia sinema halafu stima ikapotea.

Tusiwacheke. Sheria yenyewe inauliza swali lilelile. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. "Tumekubaliana" haimo katika orodha. Mwaka 2023 mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, alipendekeza mswada wa kuiingiza. Kwa hiyo mtu anayetaka kuachana bila vita, korti na riwaya zote mbili zinamwambia: tuletee mhalifu kwanza.

Sasa tufungue daftari.

Sentensi ya kwanza iliyosomwa kwangu niandike ilikuwa ya baba mdogo: "Andika, bwana amemwacha bibi yake." Nikaandika. Shangazi, aliyekuwa akichambua mchicha kana kwamba hasikilizi, akasema bila kuinua kichwa: "Futa. Andika, wameachana."

Tuligombana karibu nusu saa kwa ajili ya silabi moja. Baba mdogo alisema ni kitu kilekile. Shangazi alisema kama ni kitu kilekile basi iandikwe yake. Mulamwa, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu aamkue, akasema, "Ni kweli. Tumeachana. Sikumwacha." Nikafuta.

Nimeifikiria sana silabi hiyo. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Talaka ina mtoaji na mpokeaji, kama barua. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za Kadhi za Pwani ya Kenya na kuandika kitabu juu yake mwaka 1998, alionyesha picha ambayo jamii inayo: mume ndiye wa kutamka, mke ndiye wa kuvumilia. Kisha akaonyesha kwamba wanawake waliofika mbele ya Kadhi walikuwa wakizungumza, tena sana, na mara nyingi walishinda. Lugha iliwaweka upande wa kutendwa, lakini midomo yao haikukubali. Uislamu wenyewe una kikao chake: katika Surat an-Nisaa, aya ya 35, wanandoa wakihofiwa kufarakana huteuliwa msuluhishi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Wazo hili la watu wa pande mbili kukaa chini ni la zamani sana, na sisi wa Matayos hatukulibuni.

Kauli ya kutendana, ile ya -ana, tulifundishwa shuleni kwa mifano ya kupendana na kupigana. Shangazi aliiona kama mahali pa watu wawili kusimama sawa. Lakini hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu silabi hiyohiyo hudanganya. Mangapi tumesikia, "Walikuwa wanapigana," kumbe mmoja alikuwa anapiga na mwingine anapigwa? -ana inaweza kuficha mkono wa mtu. Mwanamke aliyeumizwa akiwekwa kwenye kiti sawa na aliyemuumiza, akaambiwa "elewaneni," hicho si kikao, ni kumrudisha palepale.

Shangazi aliijua hatari hiyo. Baadaye dada alinieleza kwamba usiku wa kuamkia kikao, shangazi alimvuta jikoni, akafunga mlango na kumuuliza maswali matatu: Amewahi kukupiga? Unamwogopa? Kuna kitu utashindwa kukisema akiwa pale? Kama jibu la lolote lingekuwa ndiyo, shangazi alisema, hakuna mtu angekaa chini ya mwembe. Wangepanda boda asubuhi waende polisi, halafu kortini, na Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Maswali hayo matatu hayamo katika daftari. Lakini ndiyo utangulizi wake, na bila huo utangulizi nisingekuwa nalisifu.

Kifungu cha pili ni cha ng'ombe. Hapa nilitamani kigoda kinimeze.

Mwaka 2011 mulamwa alileta ng'ombe watano. Mila za jamii nyingi za Waluhya, kama zilivyoandikwa na wanasheria na wanaanthropolojia tangu enzi za ukoloni, zinasema ndoa ikivunjika mahari hurudishwa, na watoto waliozaliwa huhesabiwa katika kupunguza idadi. Wajomba hawakuwa na haraka ya kudai. Aliyelileta jambo ni baba mdogo, kwa kuogopa watalileta wao. "Tuseme ukweli," alisema, "ng'ombe hawapo."

Hawapo kwa sababu waliuzwa mmoja mmoja kulipa karo ya chuo kikuu. Karo yangu. Mimi nilisomea Lawino na Ocol kwa ng'ombe wa dada yangu. Kila mtu pale alilijua hilo na hakuna aliyenitazama, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa.

Aliyetuokoa ni mjomba wa ng'ambo, mzee mwenye redio. Akasema, "Kwetu huko korti kubwa ilishamaliza hayo maneno." Na ni kweli. Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba, kuna shirika linaloitwa MIFUMI, ambalo mwaka 2001 liliendesha kura ya maoni ya wilaya hiyo juu ya mahari, na mwaka 2007 likapeleka jambo lenyewe katika Mahakama ya Katiba ya Uganda. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua: mahari yenyewe si kinyume cha katiba, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume, kwa kuwa kunamfunga mwanamke katika ndoa asiyoitaka kwa sababu jamaa zake hawana cha kulipa.

"Hapa si Uganda," baba mdogo akasema. Watu wakacheka mpaka liguru akamwaga chai. Uganda iko kilomita chache kutoka ule mwembe. Ni huku kwetu, Busia na Malaba, ndiko neno boda boda lilikozaliwa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe Busia mwaka 2018 unagongewa mihuri ya nchi mbili katika jengo moja. Lakini mwanamke mmoja, wa ukoo mmoja, anaweza kuwa huru upande huu wa barabara na kuwa mdeni wa ng'ombe upande ule.

Dada ndiye aliyemaliza. Hii ni moja ya mara chache alizozungumza bila kupitia kwa shangazi. "Kama mnataka ng'ombe wenu," aliwaambia wakwe zake, akininyooshea kidole, "mchukueni huyu. Ndiye amewala. Wako hapo, wanaandika."

Nikaandika: "2. Ng'ombe hawatadaiwa na upande wowote, leo wala kesho." Mwandiko wangu katika mstari huo ni mbaya. Ukiuona utadhani gari lilikuwa linatembea.

Kifungu cha tatu ni cha watoto, msichana wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa saba. Mjomba mmoja alipendekeza waitwe waulizwe wanataka kukaa na nani. Nilikumbuka ile korido ya Farhadi. Shangazi hajaiona filamu hiyo, lakini alikataa kabla sijafungua mdomo. Mtoto, alisema, haulizwi swali ambalo kila jibu lake ni kumsaliti mzazi. Akaulizwe anahitaji nini. Basi liguru, ambaye ni mjanja na watoto, akaenda kwa jirani walikokuwa wamepelekwa na kurudi na majibu. Msichana hataki kuhama shule. Mvulana anataka kupanda trela la baba yake walau mara moja hadi Mombasa. Yote mawili yako katika daftari. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Sijaona mahali ilipofafanuliwa vizuri kuliko hapo: "3(c). Mtoto wa kiume atapanda trela likizo ya Desemba, baba akiwa na safari ya Mombasa, akifunga mkanda."

Kifungu cha nne, mali. Mulamwa ni dereva wa masafa marefu. Siku nyingi za mwezi yuko njiani, au amekwama kwenye foleni ya Malaba. Wana ploti mtaa wa Burumba, nyumba ya vyumba vinne, viwili vyao na viwili vya kupangisha. Hati ina jina lake peke yake. Dada ana kibanda cha vitenge sokoni.

"Ploti ni ya bwana," akasema baba mdogo, ambaye, nikukumbushe, alikuwa upande wetu.

Hapa nilitaka kujitia wakili. Nikaeleza kwamba Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kama mchango si pesa peke yake, bali pia kazi za nyumbani, malezi, kusimamia biashara, kulima, hata kukaa na mtu kama mwenzi wake. Nikaeleza pia kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya, Januari 2023, ilisema hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe kwa sababu tu mliitana mume na mke, na kwamba kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake. Nilijisikia vizuri sana. Mzee mwenye redio akauliza swali moja tu: "Sasa mchango wa nyumbani unaonyeshwa vipi?"

Dada aliingia ndani akatoka na daftari lake. Ni lile la madeni ya wateja wa vitenge, limekunjamana, lina harufu ya mafuta ya taa. Upande mmoja kuna nani anadaiwa ngapi. Ukiligeuza, ukaanza kulisoma kutoka nyuma, kuna miaka yote ya ile nyumba: mifuko ya saruji, lori la kokoto, fundi amelipwa, fundi amekunywa pesa, fundi amerudi, mabati, milango miwili. Pembeni kuna tiki ndogo palipokuwa na pesa za mulamwa, na nyota palipokuwa na pesa za vitenge. Nyota zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na kwa uso wake, kuliko mulamwa alivyotarajia pia. Alikaa na lile daftari mapajani muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa natuma tu. Sikujua anajenga hivi."

Mimi nimesoma uhakiki mwingi wa kifeministi kuhusu kazi isiyoonekana, lakini sijawahi kuona hoja ikishinda kimya namna ile. Wakakubaliana dada akae katika nyumba na watoto hadi mdogo amalize shule, kodi ya vyumba viwili iende kwa karo, na siku ploti ikiuzwa wagawane sawa. Kibanda ni cha dada. Karo inayozidi kodi ni ya mulamwa. Chakula na nguo, dada.

Kuna vifungu vingine, vya mazishi, vya bima ya matibabu, vya nani ataalikwa harusini kwa nani, ambavyo nitavipita. Niseme sasa udhaifu wa maandishi haya, kwa sababu mhakiki asiyetaja kasoro ni mpiga debe.

Kwanza, daftari hili halikuwapa talaka. Nchini Kenya ndoa iliyosajiliwa, hata ya kimila kama yao, huvunjwa na korti. Sheria ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila ipitie kwanza usuluhishi wa mila, na Katiba katika kifungu cha 159 inataka njia kama hizo zikuzwe, mradi zisikanyage haki za mtu. Mahakama yenyewe ilianzisha upatanishi wake Nairobi mwaka 2016. Lakini muhuri bado ni wa hakimu. Wakili mmoja wa Minnesota, Marekani, Stuart Webb, alianzisha mwaka 1990 utaratibu wa mawakili wanaokubali kabisa kujitoa kama wateja wao wakienda kupigana kortini, ili kila mtu awe na sababu ya kuelewana. Lakini hata huko mwisho wa siku karatasi hupelekwa kwa jaji. Kwa hiyo "bila korti" ni maneno ya mkato. Kilichofanyika Matayos ni kufika kortini mkiwa mmeshamaliza kubishana. Hilo si dogo, ila tusilipe jina lisilo lake.

Pili, sauti ya dada. Katika kurasa nne, maneno yake mwenyewe yako katika sehemu mbili tu, na moja niliiharibu mimi. Walipouliza kwa nini anataka kuondoka, alisema: "Nimechoka kungoja gari lifike, halafu mwenyewe asishuke." Mulamwa aliinamisha kichwa. Hata mzee wa redio alinyamaza. Mimi, msomi wa fasihi, niliandika: "Sababu: ukosefu wa mawasiliano."

Nilidhani ndivyo hati zinavyoandikwa. Nilikuwa nimepewa sentensi bora kabisa ya siku mbili zile, sentensi ambayo haimlaumu mtu na haimwachi mtu bila lawama, nikaibadilisha kuwa lugha ya semina. Nikiulizwa kwa nini riwaya zetu hazina talaka ya namna hii, labda jibu moja ndilo hilo. Wanaosema hivyo wapo, na sisi tunaoshika kalamu ndio tunaosafisha.

Tatu, hakuna samahani popote. Hilo sijui kama ni kasoro. Mulamwa aliomba msamaha, lakini aliomba jioni, karibu na zizi, na hakuna aliyemwambia karani aje.

Siku ya pili alasiri walitia sahihi. Shangazi alitia dole gumba, akasema wino umemchafua bure. Liguru akatia sahihi yenye mikia mingi. Kisha tukala kuku, watu wa pande mbili, na mvulana akaja akauliza Mombasa ni mbali kiasi gani.

Mwezi wa kumi na moja nilipita Matayos nikielekea Busia, na liguru akanisimamisha stejini. Alikuwa na nakala ya daftari letu, imepigwa fotokopi mpaka herufi zimeanza kufifia. Kuna nyumba nyingine, akasema, kijiji cha pili, wana shida kama ile. Alikuwa amefuta majina kwa kalamu, amefuta ploti, amefuta vitenge na trela. Palipokuwa na ng'ombe watano aliacha nafasi wazi. Alitaka nimwandikie safi, kwa kompyuta, ili iwe ya kutumia.

Niliisoma pale pale nimesimama. Kifungu cha kwanza hakukigusa. Katika kifungu cha sababu alikuwa amekata yale maneno yangu ya mawasiliano kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa mkono wake: "Hapa waseme wenyewe."